Mkwe Hana Upande

Sikuchaguliwa kuwa jaji wa mapishi kwa sababu najua kupika. Sijui. Chai nikipika mimi, watoto wangu huenda kuimwaga nyuma ya nyumba wakidhani sioni. Nilichaguliwa kwa mambo mawili: tumbo langu, ambalo hutangulia mlangoni na kuwapa watu imani, na ukweli kwamba nimeoa katika kijiji kile.

Kijiji chenyewe kiko mbele ya Butali kidogo, pale ambapo trekta za miwa hupita zikidondosha mabua na kila mtoto wa shule ana meno ya kazi. Barabara inakigawa mara mbili. Kuna watu wa upande wa juu na watu wa upande wa chini. Ni ukoo mmoja, kanisa moja, kisima kimoja, na kwa miaka yote walizikana bila matata. Kisha ukaja ugali.

Mtu asiye wa huku hawezi kujua uzito wa jambo hili. Kupika matangani kwetu ni serikali. Mama anayeshika moto ndiye anayeamua nani amenye, nani akoroge, nani apewe kiti, na nani aambiwe akatafute kuni hata kama kuni zimejaa. Mama mkwe wangu, wa upande wa juu, alikuwa ameshika moto huo tangu mke wangu akiwa msichana. Sasa kwenye mazishi ya mzee mmoja, mama wa upande wa chini, mpishi naye, akasimama katikati ya waombolezaji na tonge la ugali mkononi. Akalibonyeza, akalionyesha kushoto na kulia, akasema kwa sauti ya kufikia kaburini: "Hii obusuma ni mbichi."

Basi. Tangu siku hiyo, msiba ukitokea juu, watu wa chini walikuja wameshiba. Msiba ukitokea chini, watu wa juu walikuja wameshiba. Kwa Mluhya, kufika matangani umeshiba ni matusi mabaya kuliko kutofika. Mama mkwe alitundika mwiko wake ukutani na kusema hatapikia tena watu wasiojua kutafuna. Mke wangu aliponiambia hayo alikuwa analia. Mimi nilicheka, na nikalala bila chakula cha jioni.

Naibu wa chifu, kijana mwenye viatu vilivyochongoka na mipango mingi, ndiye aliyeleta wazo la mashindano. Wamama watatu wa juu, watatu wa chini, kila mmoja kuku wake na ugali wake, uwanjani pa shule ya msingi. Mshindi atapewa sufuria moja ambayo ungeweza kumwogeshea ndama, na pamoja na sufuria atashika moto wa matanga yote, juu na chini, na hakuna atakayefungua mdomo isipokuwa kwa kula. Watu walikubali. Walikuwa wamechoka kushiba nyumbani.

Shida ikawa majaji. Barazani, kila jina lililotajwa lilikuwa na shangazi kwenye moto. Mtu akapendekeza waletwe wataalamu wa hoteli kutoka mjini Kakamega, akazomewa, kwamba mtu wa hoteli atapima ugali kwa uma. Ndipo mzee mmoja akasema, "Chukueni wakwe. Mkwe hana upande. Yeye ni mgeni juu, ni mgeni chini." Makofi yalipigwa mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Wakachaguliwa wakwe watatu: dereva wa trekta kutoka Mayoni, mkulima wa mahindi kutoka Lugari, na mimi, mtu wa Khwisero ninayeuza vioo vya madirisha mjini.

Hakuna mtu aliyeona kosa lililokuwa ndani ya jambo hilo. Mimi mwenyewe sikuliona. Nilisikia neno kuku, na masikio yakafunga kazi.

Lazima nieleze habari ya mama mkwe na mimi, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini watu wazima watatu walikaa mbele ya kuku sita wakimeza mate. Huku kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Hawaketi meza moja. Chakula cha mkono wake hukigusi kamwe, mpaka siku atakayokukaribisha mwenyewe mbele ya watu, akupe kwa mkono wake, nawe umpe kitu cha kuvaa. Baada ya hapo unakuwa mtoto wa nyumba na unaweza hata kukaripiwa.

Kwetu siku hiyo ilikuwa imeshapangwa na baba mkwe, mzee mpole aliyekuwa akiniita "wewe wa Khwisero" kana kwamba mji mzima ulikuwa umenituma. Akafariki kabla haijafika. Mama mkwe akatuma neno kupitia kwa mke wangu: "Mwambie sina mwenzangu wa kuketi naye nikimkaribisha. Angoje." Nikangoja. Kila Krismasi mke na watoto waliingia kwa mama, mimi nikapelekwa nyumba ya pili, kwa shemeji ya mama, mwanamke mwenye moyo mzuri sana na mkono mbaya sana. Nikiwa napambana na paja la kuku wake, upepo uliniletea harufu kutoka ng'ambo ya ua. Nikikutana na mama mkwe njiani, yeye alijifunika leso na kukata kona kuingia kwenye miwa, na mimi nikajifanya nimeona kitu cha maana juu ya nguzo ya stima.

Mbele ya watu nilikuwa nafanya mzaha na jambo hili. Lakini lilikuwa linaniuma. Nilimpenda yule mzee, na nilitaka kuingia nyumbani kwake kwa mlango, kabla mjane wake naye hajazeeka kabisa.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa hadi kwenye magoli. Moshi ulikuwa mwingi kiasi kwamba mchungaji aliomba sala ya ufunguzi akikohoa, na Amina ikaja kabla ya wakati. Wapishi walikuwa nyuma ya turubai, tusiwaone. Kila mmoja alikuwa amechota karatasi yenye nambari kutoka kofia ya naibu wa chifu na kuificha kifuani, mahali ambapo hata serikali haifiki. Sahani ingekuja na nambari tu. Anayefichua nambari yake, ametoka. Majaji watatu lazima waonje sahani zote sita. Sheria hizo zilisomwa kwenye spika mara mbili, na watu wakasema hakika huyu kijana atafika mbali.

Sisi majaji tulivalishwa aproni nyeupe. Yangu iliandikwa JAJI MKUU kwa herufi nyekundu, kwa sababu ya tumbo nadhani, maana lilitoa nafasi ya maandishi. Zikaja sahani. Oo, zile sahani! Mchuzi unang'aa, ugali wa mtama na muhogo umepanda kama kichuguu, mvuke unaniingia puani bila kubisha.

Tulianza kukagua kwa macho, na hapo hapo yule wa Mayoni akagutuka.

"Nambari nne haina imondo," akasema.

Tuliinama wote watatu. Kweli. Kuku mzima alikuwa pale, mapaja, shingo, hata miguu, lakini firigisi haikuwepo. Katika nyumba ya Mluhya imondo ina mwenyewe, naye ni mwenye nyumba. Mgeni mkubwa anaweza kuachiwa. Kumletea jaji kuku asiye na imondo ni kumwambia asimame mlangoni. Nilikasirika kweli kweli. Nikasema kwenye maiki, kwa sauti yangu yote, kwamba kuna mpishi mwizi hapa, na kwamba nambari nne ajue tumemwona. Watu walicheka sana. Nilifurahi jinsi walivyocheka.

Kisha nikanawa mikono, nikamega tonge la nambari moja, nikalipeleka mdomoni. Likasimama hewani.

Kwa sababu nyuma yangu, mke wangu alikuwa ameninong'oneza, "Baba watoto, mama anapika leo. Aliteremsha mwiko juzi. Sijui nambari yake."

Nililirudisha tonge sahanini taratibu, kama mtu anayerudisha kitu dukani baada ya kusikia bei. Nikamwangalia wa Mayoni. Tonge lake nalo lilikuwa hewani. Wa Lugari alikuwa ameshafika mbali zaidi. Alikuwa amekalia mikono yake.

"Mama mkwe yako pia?" nikamuuliza.

"Ako huko nyuma," akasema. "Nilidhani ni yangu peke yake."

Hapo ndipo uwanja mzima ulipoona ulichofanya. Wakwe walichaguliwa kwa sababu hawana upande, na hakuna mtu aliyekumbuka kwamba mkwe ana mama mkwe. Yeyote kati yetu angeweza kula sahani tano kwa raha, lakini hakuna aliyejua ya sita ni ipi. Ile siri iliyowekwa ili haki itendeke ndiyo iliyotufunga midomo. Na mama akitaja nambari yake ili kutuokoa, ametoka, sufuria imeenda.

Naibu wa chifu alichukua maiki na kuwaomba wenye wakwe mezani wainue mkono nyuma ya turubai. Hakuna mkono uliopanda. Aliomba tena kwa Kiluhya. Mtu alichochea moto tu. Ugali ulianza kushika ngozi juu.

Mchungaji akasimama, akatuambia sisi tumeokoka, mambo hayo ni ya gizani, tule kwa imani. Nikamwambia, "Mchungaji, karibu, anza wewe." Akasogea, akaangalia sahani, akaangalia turubai. Kisha akakumbuka kwamba alikuwa amefunga. Asubuhi nilikuwa nimemwona mwenyewe akila mandazi, tena si moja.

Watu walianza kuchemka. Upande wa chini walisema huu ni ujanja wa juu, wameona watashindwa. Upande wa juu walisema ni nani aliyezoea kusema chakula cha watu ni kibichi kabla ya kukionja? Mzee wa mkwe-hana-upande alitafutwa na hakuonekana. Mwanamume mmoja alikuwa ameshavua koti. Nikaona wazi kwamba tutaondoka pale vibaya kuliko tulivyokuja, na safari hii hata matangani watu hawatafika, walioshiba wala wenye njaa.

Ndipo turubai likafunguka na mama mkwe wangu akatoka.

Sikuwa nimewahi kumtazama usoni. Niliangalia juu kwa mazoea, nikitafuta nguzo ya stima, lakini uwanja wa shule hauna nguzo. Alikuwa mfupi kuliko nilivyofikiri. Leso ilikuwa kiunoni, siyo kichwani. Alitembea moja kwa moja hadi mezani, watu wakimpisha, akachukua sahani nambari nne na kuishika mbele yangu.

"Hii ni yangu," akasema. "Mimi ndiye huyo mwizi."

Kama ardhi ingekuwa na mlango ningebisha. Mke wangu nyuma yangu alitoa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kutoka kwake.

Naibu wa chifu akaanza kusema, "Lakini mama, sheria—"

"Sheria nimesikia mara mbili," mama akasema. "Nimetoka. Niache sasa niongee na mtu yangu."

Sufuria ilikuwa pale nyuma yake, juu ya dawati, ikimetameta. Kila mtu alijua alivyoitaka. Alikuwa amelala mwaka mzima na neno "mbichi" kichwani, na siku ya kulifuta ilikuwa hiyo. Hakugeuka kuitazama hata kidogo. Akamega ugali kwa mkono wake, akauchovya, akaninyooshea.

"Mzee yangu alitaka kufanya hii siku yake," akasema. "Mimi nikasemanga nitangoja. Nilikuwa nangoja nini, sijui. Kula."

Nikala mbele ya kijiji kizima, juu na chini. Nilitafuna nikiwa nalia, jambo ambalo ni gumu kulifanya kwa heshima ukiwa umevaa aproni. Halafu nikakumbuka kwamba ni zamu yangu kumpa kitu cha kuvaa, na sikuwa na kitu. Mtu mwenye akili angevua koti. Mimi nilivua aproni nikamvalisha. Ikamfika magotini. Wanawake wakapiga vigelegele, pande zote mbili za uwanja, na nadhani walisahau kwa muda ni nani yuko upande gani.

Sasa, kwa kuwa sahani yake imejulikana, naibu wa chifu akatangaza kwa furaha kwamba Jaji Mkuu yuko huru kuonja zile tano, hata kama wenzake wawili bado wamefungwa. Nikanawa tena upesi. Lakini mama wa upande wa chini, yule wa tonge, akatokea nyuma ya turubai mikono kiunoni.

"Huyo?" akasema. "Huyo amekula kwa mama mkwe yake sasa hivi. Amekuwa mtoto ya juu. Ako na upande!"

Ilikuwa kweli tupu. Nilikuwa nimengoja miaka mingi kuwa mtoto wa nyumba ile, na kitu cha kwanza nilichopata ni kunyimwa kuku watano. Nilijaribu kusema. Niliambiwa niketi.

"Sasa nani ataonja?" naibu wa chifu akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Yule mama wa chini akamtazama mama mkwe wangu ndani ya aproni ile kubwa.

"Yeye," akasema. "Hana nambari. Mama mkwe yake alikufa kitambo. Na kuonja anajuanga."

"Yeye ni wa juu!" mtu wa upande wake mwenyewe akapiga kelele.

"Nimemtukana mwaka mzima," yule mama wa chini akajibu, "na hajawahi kuniambia uongo. Wewe umewahi?"

Yule mtu akaketi. Hivyo ndivyo JAJI MKUU alivyopatikana, kwa saizi isiyo yake.

Sijawahi kuona hukumu kama ile. Alionja akiwa amesimama, macho yamefungwa, na hakumhurumia mtu. Ya kwanza, kuku alitolewa motoni na mtu mwenye haraka. Ya pili, chumvi ilimwagwa na mtu mwenye hasira. Ya tatu, huyu kuku ni mzee, angeachwa afe kwa amani. Ya tano aliirudia mara mbili. Ya sita aliipita tu, na baadaye nikasikia ilikuwa ya rafiki yake wa chanda na pete kutoka upande wa juu, na kwamba hawakusalimiana hadi Jumapili.

"Tano," akasema.

Karatasi ya tano ilikuwa kifuani mwa yule mama wa tonge.

Mama mkwe aliibeba sufuria ile mwenyewe, ikamficha uso, akaiweka miguuni pa mwenzake.

"Yako ilikuwa tamu," akasema. "Lakini yangu ile siku haikuwa mbichi."

Yule mama aliangalia ndani ya sufuria kana kwamba jibu limeandikwa huko chini. Naibu wa chifu alikuwa amemwekea maiki karibu na mdomo, kwa ushamba wake, kwa hiyo tulisikia wote.

"Haikuwa," akasema. "Nilikuwa tu nataka mwiko."

Mama mkwe wangu alicheka. Alicheka akiwa ameshika magoti, aproni inamgusa nyasi, na yule mwenzake naye akaanza, na baada ya hapo hakukuwa tena na mashindano. Watu walivamia meza. Kuku sita na ugali sita vilikwisha kabla mchungaji hajamaliza kufungua saumu yake. Nyuma ya turubai walipika tena, mama mmoja ameshika moto na mwingine ameshika mwiko, wakigombana juu ya kuni kwa raha zao. Nilipata bawa moja.

Kabla jua halijashuka, mama mkwe aliniita kwa kidole tu, kama anavyoitwa mtoto. Tukavuka barabara, yeye mbele na aproni yake, mimi nyuma, mke na watoto nyuma yangu. Tulipita nyumba ya pili, ambapo shemeji yake alisimama mlangoni akiniangalia kwa huzuni, kwa kuwa alikuwa amenichinjia. Tukaingia kwa mlango.

Picha ya mzee ilikuwa ukutani juu ya kiti kimoja cha mbao. Sikujua niketi wapi. Mama akakionyesha kile kiti kwa kidevu, nikaketi, na kikalia chini yangu kwa sababu mzee alikuwa mwembamba.

Akaingiza mkono kwenye kikapu chake, akatoa kitu kidogo kilichofungwa kwenye jani la ndizi. Akakiweka mbele yangu na kulifungua. Ilikuwa imondo.

Mke wangu alikuwa amenieleza zamani, nami nilikuwa nimesikia jinsi waume wanavyosikiaga: kwamba tangu baba afariki, mama akichinja kuku hampi mtu imondo, si kaka zake, si mchungaji, si askofu alipokuja. Humtupia paka.

Na paka alikuwa pale. Dume kubwa la kijivu, nene kuliko paka wote wa Butali. Alitoka chini ya meza, akaketi mbele ya magoti yangu na kunikazia macho, kama mtu aliyekuta mgeni kwenye kitanda chake.

Mama mkwe akamsukuma kwa mguu.

"Toka," akamwambia. "Mwenyewe amekuja."